Sauti ya Nne: Wanamuziki wa Kanisa na Safari ya Kujifunza Gitaa la Besi

Historia ya usharika huandikwa kwa kawaida kwa kufuata majina ya wachungaji na wainjilisti, miaka ya kuwekwa mawe ya msingi, na hesabu ya waliobatizwa na kupata kipaimara. Hivyo ndivyo inavyopasa. Hata hivyo, miaka mia moja ya usharika ni pia miaka mia moja ya kuimba, na katika kuimba huko ipo sauti moja ambayo haijapewa ukurasa wake. Ni sauti ya nne, yaani besi. Anayeimba sauti ya kwanza husikika na kila mtu. Anayeimba besi husikika vizuri zaidi siku asipokuwapo, kwa maana siku hiyo wimbo huyumba na hakuna ajuaye kwa nini.

Sura hii inasimulia jinsi sauti hiyo ilivyobebwa na vyombo mbalimbali katika makanisa yetu ya Kilutheri na katika muziki wa pwani, hadi ilipofika mikononi mwa mpiga gitaa la besi. Inasimulia hasa habari za mwanamuziki aliyekwisha kukomaa katika chombo chake cha kwanza, akaamua au akaombwa kujifunza chombo cha pili. Imeandikwa Chokocho, kijiji kilichoko kusini mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, mahali ambapo Wakristo ni wachache na kwaya kubwa haisikiki. Mtu aliye mbali na kwaya yake hutambua upesi ni sauti ipi inayokosekana.

Asili ya Sauti ya Nne

Kanisa letu lilizaliwa likiwa na wimbo mkononi. Mwaka 1524, miaka michache tu baada ya Matengenezo kuanza, Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za sauti nyingi chenye dibaji ya Martin Luther. Katika nyimbo hizo melodia iliwekwa kwa tena, katikati ya sauti nyingine, na ilikuwa vigumu kwa mshiriki wa kawaida kuifuata. Ndipo mwaka 1586 mchungaji Lucas Osiander wa Württemberg akatoa kitabu ambamo melodia ilipandishwa juu, ikawa sauti ya kwanza, ili usharika wote uweze kuimba. Tangu hapo utenzi wa Kilutheri ukapata umbo tunalolijua: melodia juu, sauti mbili katikati, na besi chini kama msingi wa nyumba.

Jambo moja katika maisha ya Luther mwenyewe linafaa kukumbukwa hapa. Alikuwa mwimbaji tangu utoto, na akiwa mwanafunzi wa shule aliimba mitaani pamoja na wenzake ili kupata chakula. Waandishi wa maisha yake hueleza kwamba mnamo mwaka 1503, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Erfurt, alijikata mguu kwa upanga wake alipokuwa safarini, akalazwa muda mrefu. Siku hizo za kuugua alizitumia kujifunza kupiga luti, chombo cha nyuzi ambacho asili yake ni udi ule ule unaopigwa Unguja na Pemba. Basi mwalimu wetu wa imani alikuwa mwimbaji aliyejifunza chombo akiwa mtu mzima, kwa bidii yake mwenyewe. Wanaodhani kwamba vidole vya mtu mzima havifundishiki wamsome yeye.

Karne mbili baadaye, Johann Sebastian Bach, aliyeutumikia mji wa Leipzig kuanzia mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, aliijenga kazi yake yote ya kanisa juu ya mstari wa besi. Mpiga kinanda wa wakati ule aliandikiwa noti za besi tu, na juu yake tarakimu chache za kumwonyesha sauti za kujazia. Kwa maneno mengine, ukishakuwa na besi, mengine yanaweza kupatikana. Wapiga gitaa wa kwaya zetu hulijua jambo hilo bila kuambiwa.

Wakati wa Matarumbeta

Wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, Usambara mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893. Walitoka katika nchi ambayo vikundi vya matarumbeta vilikuwa vimeenea katika sharika za mijini na vijijini. Mmoja wa viongozi wa vikundi hivyo alikuwa mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia mwaka 1856 hadi 1941 na kufanya kazi Bethel, mahali palepale palipotoka wamisionari wa Usambara na wa Bukoba. Kuhlo alitaka matarumbeta yapige kama watu wanavyoimba, kila chombo kikishika sauti moja ya utenzi. Alitaka pia kila mpigaji asome noti zile zile zilizochapwa katika kitabu cha nyimbo, bila kuziandika upya kwa ajili ya chombo chake.

Desturi hiyo ilivuka bahari. Kaskazini mwa nchi yetu hasa, kikundi cha matarumbeta kikawa sehemu ya ibada, ya mazishi, ya arusi na ya asubuhi ya Pasaka. Katika kila kikundi alikuwapo mtu mmoja aliyebeba chombo kikubwa kuliko vyote, ile tuba ambayo wengi huiita besi kwa ufupi. Kazi yake haikuwa ya kushangiliwa. Alipuliza noti ndefu, akahesabu kimya, akapumua mahali pa koma, akapuliza tena. Lakini wenzake wote walisimama juu ya pumzi yake.

Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili zilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, sharika zilibaki mikononi mwa walimu, wainjilisti na wazee wa nchi, na nyimbo zilibaki vinywani mwa watu. Njia ya solfa, ile ya do, re, mi, iliyoenezwa kutoka Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, iliwawezesha walimu wa kwaya kufundisha sauti nne kwa ubao na chaki tu. Hivyo palipokuwa hapana chombo chochote, besi iliendelea kuimbwa. Urithi huu wa solfa ni mkubwa kuliko tunavyodhani, na tutaona baadaye jinsi unavyomfaa anayejifunza gitaa.

Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Miaka ile ile ilianza juhudi ya kuleta melodia za Kiafrika ndani ya ibada. Huko Makumira, Howard Olson alikusanya nyimbo za makabila mbalimbali, na mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka kwa melodia ya Kihaya ambao sasa unaimbwa katika nchi nyingi duniani. Mlango ulikwisha kufunguliwa. Baada ya melodia kuingia, vyombo vya watu navyo vilibisha hodi.

Gitaa Mlangoni mwa Kanisa

Gitaa la besi la umeme si chombo cha kale. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza la kwanza la kushikwa kama gitaa katika miaka ya 1930, lakini halikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa jimbo la California, alitoa gitaa la besi lililopokewa na watu. Kabla ya hapo mpiga besi alikuwa na chombo kirefu cha mti kinachosimama chini, kizito kubeba na chenye sauti inayomezwa na ngoma. Fender alikipunguza hadi kikaweza kuvaliwa begani, akaweka vyuma vya kuonyesha mahali pa kila noti, na akakiunganisha na spika.

Nchini kwetu chombo hiki kilienea kwa njia ya bendi za dansi. Bendi za miji, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, Western Jazz ya mwaka 1959 na NUTA Jazz ya mwaka 1964, ziliingia katika wakati wa magitaa ya umeme, na kijana wa mjini akajua maneno matatu: solo, ridhimu na besi. Huko pia tunaona mfano wa mwanamuziki mkomavu aliyebadili chombo. Michael Enoch, aliyekuwa mpiga gitaa mashuhuri wa Dar es Salaam Jazz, ndiye yule yule aliyekuja kujulikana kwa saksafoni katika bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Hakuanza upya kama mtoto. Alihama na masikio yake.

Kwa sababu gitaa lilijulikana kuwa chombo cha ukumbi wa dansi, kuingia kwake kanisani hakukuwa kwepesi. Katika sharika nyingi palikuwa na majadiliano marefu. Wazee waliuliza: je, chombo kilichopigwa Jumamosi usiku katika baa kitapigwaje Jumapili asubuhi mbele ya madhabahu? Vijana walijibu kwamba Zaburi ya 150 inataja vyombo vya nyuzi pamoja na baragumu, na kwamba chombo hakina dhambi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wazee hawakuwa na chuki na muziki. Walikuwa walinzi wa unyenyekevu wa ibada, na walijua kwamba spika kubwa yaweza kuuzima wimbo wa usharika. Vijana nao hawakuwa waasi, bali walitaka kumwimbia Mungu kwa lugha ya masikio yao.

Katika miaka ya 1980 na 1990, kwaya za vijana na za uinjilisti zenye magitaa zilikubalika katika sehemu nyingi, na kanda za kaseti zikabeba nyimbo zao hadi vijijini. Lakini palitokea upungufu ambao haukutarajiwa. Waliotaka kupiga solo walikuwa wengi, na waliotaka kupiga besi walikuwa wachache. Kwaya nyingine zilikodi mpigaji kutoka nje, ambaye alifika siku ya kurekodi na kuondoka na malipo yake. Nyingine zilitegemea kinanda cha umeme kinachojipigia besi chenyewe kwa kubonyezwa kitufe. Sauti ya nne, iliyolindwa kwa pumzi za watu wetu kwa miaka mingi, ikawa hatarini kukabidhiwa mashine.

Pwani na Visiwani

Jambo hili halikutokea kanisani peke yake. Ndugu zetu wa pwani na visiwani, ambao wengi wao ni Waislamu, walipita njia inayofanana na hiyo katika taarab. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na kwa miaka mingi muziki wake ulikuwa wa udi, kanuni, fidla na nai. Baadaye, kwa kufuata mfano wa okestra za Misri, taarab ya Unguja iliongeza besi kubwa ya mti, ambayo hupigwa kwa vidole na kusimamishwa nyuma ya fidla. Hivyo visiwani besi haikuwa ngeni wala haikuitwa ya kihuni. Ilivaa suti na kukaa safu ya nyuma kwa adabu.

Huko Tanga, kuanzia miaka ya 1960, vyama kama Black Star na Lucky Star vilifanya badiliko jingine. Badala ya okestra kubwa, viliweka magitaa, na besi ya mti ikaachia nafasi gitaa la besi. Ukisikiliza nyimbo zao, utaona kwamba gitaa la besi halifuati tu ngoma bali lina usemi wake, kama mtu anayejibu shairi. Kwa redio, sauti hiyo ya Tanga ilivuka mlango wa bahari wa kilomita zipatazo hamsini na kufika Pemba.

Watu wa Pemba walikuwa na elimu yao ya mdundo tangu zamani. Katika ngoma ya msewe, wanaume hufunga njuga miguuni, na mguu wenyewe huwa chombo. Anayeshika mdundo hapo hajionyeshi. Akikosea, wote wamekosea. Huo ndio moyo wa besi.

Lakini gitaa la besi lina deni moja ambalo tarumbeta, udi na njuga hazina: lahitaji umeme. Likitengwa na spika yake, hata aliyeketi safu ya tatu halisikii. Kwa kisiwa cha Pemba jambo hili lilikuwa zito, kwa kuwa umeme wake ulitegemea mitambo ya dizeli hadi mwaka 2010, ulipozinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha, kwa msaada wa serikali ya Norway. Unguja nayo, iliyokuwa na waya wake kutoka bara, ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009. Katika siku hizo wenye udi waliendelea kupiga, na wenye magitaa ya umeme walingoja. Kwa kijiji kama Chokocho, basi, swali la mwanamuziki anayechagua chombo cha pili haliwezi kuwa uzuri wa sauti tu. Lazima aulize pia: siku umeme ukikatika, nitamtumikia nani na kwa kitu gani? Jibu la busara ni kutokiacha chombo cha kwanza. Cha pili huongezwa juu yake.

Kuchagua na Kujifunza

Tuje sasa kwa mwanamuziki mwenyewe. Mara nyingi hachagui besi kwa sababu aliiota. Huichagua kwa sababu nafasi iko wazi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wapigaji waliosifika duniani. Mwaka 1961 kundi la Beatles lilipoachwa na mpiga besi wake huko Hamburg, Paul McCartney, aliyekuwa mpiga gitaa na kinanda, ndiye aliyeichukua kazi hiyo. Mwaka 1963 huko Hollywood, mpiga gitaa Carol Kaye alikuwa studio siku ambayo mpiga besi hakutokea. Akashika besi, na baadaye akawa miongoni mwa wapiga besi waliorekodi nyimbo nyingi mno nchini Marekani. James Jamerson wa Detroit alitoka katika besi kubwa ya mti, akahamia ya umeme, lakini akaendelea kutumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia kama alivyozoea. Mazoea yake ya kale yalikuwa ndiyo utajiri wake mpya.

Mfano wa Carol Kaye unastahili kuzingatiwa na kwaya zetu, ambamo akina mama na mabinti ni wengi lakini vyombo huachiwa wanaume. Unguja imekwisha kutuonyesha njia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha wasichana na wavulana pamoja, na mwaka 2009 Maryam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake ambao hupiga vyombo wao wenyewe.

Anayechagua gitaa la besi na atazame mambo machache. La kawaida lina nyuzi nne, nazo ni sawa na nyuzi nne nene za gitaa, ila ziko oktava moja chini: mi, la, re, sol. Urefu wa uzi unaopigwa ni sentimita 86 hivi. Kwa mtu mwenye mkono mdogo yapo mafupi ya sentimita 76, wala si aibu kuyatumia. Yapo pia yenye nyuzi tano, lakini anayeanza hahitaji uzi wa tano. Muhimu zaidi ni spika. Uzi wa chini kabisa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya maneno ya mhubiri haiwezi kuibeba sauti hiyo. Itakoroma tu, na mwishowe kuharibika. Kamati inayonunua gitaa zuri bila spika yake imenunua nusu ya chombo.

Kila mwanamuziki hufika kwenye besi na mzigo wake wa kale, wenye faida na hasara. Mpiga gitaa la solo hufika na vidole vyepesi, na hivyo ndivyo humponza, kwa maana hujaza noti mahali pasipohitajika. Mpiga ngoma ana mdundo, lakini lazima azoeze sikio kutambua kupanda na kushuka kwa sauti. Mwimbaji wa besi anaujua mstari wote kwa moyo, ila mkono wake huja nyuma ya koo lake.

Mpiga tuba, ambaye ndiye mrithi wa karibu wa kazi hii, ana habari ya pekee. Anasoma ufunguo wa besi bila shida. Lakini noti za gitaa la besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika, ilhali yeye alizoea kusoma sauti kama ilivyo katika kitabu cha nyimbo. Akisahau hilo, atatafuta noti mahali pasipo pake. Tena, matarumbeta yamejengwa kwa si bemoli na mi bemoli, na hupenda nyimbo za funguo hizo. Wapiga magitaa hupenda mi, la, re na sol, ambapo nyuzi hulia wazi bila kubanwa. Kikundi cha matarumbeta na kundi la magitaa vinapokutana katika ibada moja, ugomvi wa ufunguo huanza. Mtu aliyepita katika vyombo vyote viwili ndiye awezaye kuwa mpatanishi, kwa sababu anaelewa shida ya kila upande.

Tofauti kubwa kuliko zote ni pumzi. Tuba hukoma mapafu yanapokwisha, na hivyo mpigaji hulazimika kupumzika mahali ambapo waimbaji nao hupumua. Gitaa la besi halina mapafu. Laweza kupigwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kituo, na uzi usipozuiwa kwa kiganja huendelea kuvuma juu ya noti inayofuata. Kwa hiyo mpiga tuba aliyehamia gitaa anatakiwa kuja na pumzi yake. Aimbe mstari moyoni, na pale ambapo angevuta hewa, auzime uzi. Wapigaji wengi wa magitaa hujifunza hilo kwa miaka mingi, na yeye huja nalo tayari.

Utaratibu wa kujifunza si mgumu kuelezwa. Kwanza mtu apatanishe nyuzi kwa sikio kila siku, akijua kwamba noti ya chuma cha tano katika uzi mmoja ndiyo noti ya uzi wazi unaofuata kuelekea juu. Pili, achukue utenzi mmoja anaoujua, aimbe besi yake kwa solfa, kisha aitafute kwenye shingo ya gitaa bila haraka. Hapo urithi wa walimu wetu wa ubao na chaki unarudi kufanya kazi, kwa maana nyimbo nyingi za kwaya hutembea juu ya do, fa na sol, na umbo la vidole kwa noti hizo tatu ni lile lile popote mkono unapohamia. Aliyejua do inayohama kwa sauti anaijua tayari kwa mkono. Tatu, apige pamoja na ngoma peke yake, mpaka mguu wa mpiga ngoma na kidole chake viwe kitu kimoja. Nne, na hili la mwisho ndilo gumu, apige kidogo kuliko anavyoweza.

Ncha za vidole zitauma majuma ya kwanza, kisha zitakomaa. Kinachouma zaidi kwa mwanamuziki mkomavu ni heshima. Mtu aliyeongoza matarumbeta kwa miaka ishirini huketi kando ya kijana wa miaka kumi na saba na kuuliza vidole vyake viwekwe wapi. Wahenga walisema elimu haina mwisho, lakini hawakusema kwamba haina gharama. Pale ambapo mzee amekubali gharama hiyo, usharika umefaidika mara mbili: umepata mpiga besi, na kijana amepata mwalimu wa tenzi bila kujua kwamba anafundishwa.

Deni la Karne ya Pili

Usharika wetu unapoingia karne yake ya pili, tunaulizwa tutarithisha nini. Majengo yana walinzi, na vitabu vya kumbukumbu vina makatibu. Sauti ya nne hulindwa na mtu anayekubali kuibeba. Haitoshi kununua vyombo kwa ajili ya sikukuu na kuvifungia kabatini baada ya wageni kuondoka. Inafaa kila kwaya iwe na watu wawili wanaojifunza besi kwa wakati mmoja, mmoja kijana na mmoja aliyekomaa katika chombo kingine, na mmoja wao akiwa mwanamke. Inafaa kikundi cha matarumbeta kisiachwe kife kwa sababu magitaa yamekuja, kwa kuwa siku ya giza, kama zile walizozijua watu wa Unguja, tuba ndiyo itakayoshika wimbo.

Inafaa pia tuwakumbuke waamini walioko mbali, visiwani na katika vijiji ambamo watatu au wanne hukusanyika sebuleni kusali. Hao hawana spika wala tarumbeta. Wakipata mmoja tu wa kuimba sauti ya chini, wimbo wao unasimama wima. Mtu huyo mara nyingi ni yule aliyelelewa katika kwaya ya usharika mkubwa, akafundishwa kusikiliza kabla ya kusikika.

Miaka mia moja imepita, na majina ya wengi walioshika besi hayamo katika kumbukumbu zetu. Wimbo walioushika bado unaimbwa. Mungu aliyewapa pumzi wao awape vidole na masikio wale watakaofuata.